Mgeni wa kibarua na mnyororo wa tajiri

Mwezi wa pili mwaka juzi nilikuwa kwa shemeji yangu huku Urambo, kipindi kile tumbaku imeiva mpaka majani ya chini yanaanza njano yenyewe, vijana wanachuma umande haujakauka, wengine wako kivulini wanatunga majani kwenye fito na kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, moshi hauzimi usiku na mchana. Akaja mzee mmoja na boda. Katoka Kasulu, kalala njiani, ana dumu la lita tano la mawese na mfuko wa rambo. Njia ya kuingilia shambani shemeji kafunga mnyororo kati ya miti miwili, si geti wala nini, mnyororo tu, mbuzi anapita chini yake bila kuinama. Mzee hakupita. Alisimama upande wa nje kofia mkononi akamuulizia kijana wake, mke wa kijana kajifungua mtoto wa kike, anataka amwambie kwa mdomo wake, ampe mawese, arudi zake.

Shemeji hakumtukana. "Shikamoo mzee wangu, karibu, ila vijana wako kazini na huku ndani sipokei wageni mpaka masoko yaishe. Ujumbe niachie mimi nitamfikishia." Mzee akasema, "Baba, huyo ni mwanangu, nimwone tu." Hapana. Akakaa chini ya mwembe hadi saa tisa hivi, boda akamrudia, akaondoka. Dumu akaniachia mimi.

Tangu siku ile hili jambo linanisumbua, maana shemeji si mtu mbaya na mzee naye hakuwa na kosa lolote, sasa nani ana haki pale kwenye mnyororo?

Kabla hamjamshambulia shemeji sikilizeni na upande wake, mi nimeishi kwake naujua. Msimu mmoja kabla ya huo alikuja jamaa akasema ni binamu wa kijana mmoja, akapikiwa ugali, akalala, asubuhi hayupo yeye na vijana watatu hawapo, kumbe alikuwa anatafutia shamba jingine watu kwa bei ya juu kidogo. Hao watatu nauli ya kutoka Kigoma alilipa shemeji, unga na maharage walikula kwa hela yake, na hiyo hela yenyewe si yake, ni mkopo, na mkopo wa tumbaku hauna huruma, unakatwa sokoni kabla hujaona senti. Tumbaku ikishaiva haikusubiri utafute watu wengine, siku nne tano jani limepita. Na bani likiwashwa lazima mtu akae na moto usiku kucha, moto ukilala tumbaku inaharibika, ukizidi bani zima linaungua na msimu umekwisha hapo hapo. Sasa leta wageni wawili na lita moja ya gongo karibu na hilo bani uone. Kuna na wizi wa majani, kuna na watu wanaojiita maafisa wanatafuta hela ya soda. Mtu aliyeumwa na nyoka akiogopa kamba usimcheke.

Kwa hiyo mnyororo una maana yake. Ila mi nikiutazama vizuri naona unafunga vitu viwili kwa mpigo na shemeji anauongelea kimoja tu. Unafunga shamba, sawa, na unafunga pia zile nyumba za nyasi nyuma ya mabani ambako vijana kumi na moja wanalala, wanapika, wanafua, wanaumwa, miezi saba minane. Shamba ni mahali pa kazi. Kile kibanda ni kwa mtu. Halafu huku kwetu hivyo vibanda tajiri hajajenga, kijana akifika anaonyeshwa sehemu, anakata fito mwenyewe, anakata nyasi mwenyewe, anasimamisha nyumba yake, halafu baba yake akija anaambiwa huruhusiwi kufika.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakitaji kwenye haya mabishano na kwangu ndo kiini chenyewe. Kibarua wa tumbaku kwa kawaida halipwi kwa mwezi, anakula shambani na hesabu yake inapigwa mwisho, tumbaku ikishauzwa. Akiondoka mwezi wa pili hana kitu. Kwa maana hiyo tajiri tayari ana dhamana mkononi, jasho la mtu la msimu mzima. Na kibarua je, dhamana yake ni ipi? Mkataba wenyewe ni wa mdomo, shahidi hamna, mwenyekiti wa kijiji hamjui. Dhamana yake ni moja, kwamba kuna mtu huko nje anajua yuko wapi na anaweza kuja kumuulizia. Huyo mzee na dumu lake la mawese ndo mkataba wa yule kijana. Ukimzuia mgeni umechukua dhamana zote mbili, yako na yake.

Na watu wa Kigoma hii habari hawajaanza leo. Wazee wa Buha walisombwa sana enzi za mkoloni kwenda mashamba ya mkonge Tanga, ndo hao wakaitwa manamba kwa sababu mtu alikuwa namba, na wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kukusanya watu, SILABU, lilianza 1944. Wengine walirudi, wengine hawakurudi, na nyumbani hakuna aliyejua yupi yuko shamba gani. Ukikaa na wazee wa Kasulu au Kibondo utasikia neno manamba linavyotamkwa, halitamkwi kama neno la kazi.

Kumbe hili suala limeshapelekwa mahakamani huko Marekani, mara mbili kubwa, na majibu yametoka tofauti. Ya kwanza ni ya jimbo la New Jersey, 1971, inaitwa State v. Shack. Mkulima mmoja, Tedesco, alikuwa na vibarua wa msimu wanaokaa kambini ndani ya shamba lake. Wakaja watu wawili, Tejeras wa shirika la huduma na Shack mwanasheria wa msaada wa bure. Kuna kibarua alikuwa kashonwa jeraha na nyuzi 28 zinatakiwa kutolewa na mwingine alitaka kuongea na mwanasheria. Tedesco hakukataa moja kwa moja, alisema mgonjwa nitamtafuta na huyo wa sheria ataongea naye ofisini kwangu na mimi nikiwepo. Hebu fikiria, unaenda kumshtaki bosi na bosi kakaa pembeni anasikiliza! Wale wakakataa, akaita polisi, wakahukumiwa kwa kuingia eneo la mtu. Mahakama ya juu ya jimbo ikafuta hukumu yote, ikasema kwa maneno ya kwetu kwamba hati ya ardhi haikupi umiliki wa maisha ya watu uliowaruhusu kukaa juu yake.

Ila ile mahakama haikusema kila mtu aingie anavyotaka, na hapa ndo ninapoipendea. Ilisema mkulima anaweza kumtaka mgeni ajitambulishe na aseme kilichomleta. Kibarua ana haki ya kupokea wageni anaowataka mwenyewe kwenye makazi yake, mradi hawawadhuru wengine. Wachuuzi wanaweza kuzuiwa, isipokuwa kama mkulima anawazuia ili afaidike yeye au kama kuwazuia kunamnyima kibarua vitu anavyohitaji. Hilo la mwisho nililisoma nikacheka peke yangu, maana hapa kwetu najua mashamba ambayo muuza samaki haruhusiwi kuingia na ndani kuna kiduka cha tajiri, sabuni na sigara kwa mkopo, bei anaijua yeye, na deni linakatwa siku ile ya hesabu.

Kesi ya pili ni ya 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani nzima, Cedar Point Nursery dhidi ya Hassid. California tangu 1975 ilikuwa na kanuni inayoruhusu watu wa chama cha wafanyakazi kuingia mashambani mpaka masaa matatu kwa siku, siku 120 kwa mwaka. Wenye shamba moja la miche ya stroberi wakalalamika kwamba watu wa chama walivamia saa kumi na moja alfajiri na vipaza sauti wakavuruga kazi. Majaji sita kwa watatu wakasema ile kanuni ni sawa na serikali kuchukua mali ya mtu bila kumlipa, maana haki ya kumzuia mtu mwingine ndo moyo wa kumiliki. Wenye mashamba wakashangilia, na ukweli hoja yao si ya kijinga, kama serikali inaweza kukuletea watu ndani siku 120 kwa mwaka bure, hiyo ardhi ni yako kweli?

Watu wanazitaja hizi mbili kama moja imeua nyingine, mi sioni hivyo. Wafanyakazi wa Cedar Point hawakuwa wanalala shambani, wanatoka kazini wanaondoka, anayewataka atawapata nje. Wale wa Tedesco walikuwa wanaishi mle mle, nje kwao hakupo. Tofauti hiyo ndo inabeba kila kitu, na vijana wa mabani ya Urambo, Kaliua na Sikonge ni ndugu wa wale wa Tedesco.

Kisheria sisi tuko vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwenye karatasi. Ardhi yetu yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 zinasema hivyo, kwa hiyo ile ya kusema "ardhi yangu nafanya nitakavyo" hapa haina mguu, unachomiliki ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 60, inampa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi haki ya kuingia eneo la mwajiri kuandikisha na kuongea na wanachama, kwa masharti ya muda na mahali ili kazi isiharibike. Afisa kazi naye anaruhusiwa kuingia kukagua bila kupiga hodi ya wiki nzima. Ila nyie mmeshamuona mtu wa TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kwenye shamba la ekari kumi porini? Mi sijamuona. Sheria inamjua mwakilishi na afisa, haimtaji baba mwenye dumu. Kosa la kuingia kwa jinai nalo mpaka uwe na nia ya kutenda kosa au ya kutisha, kutukana au kuudhi, na mawese hayamuudhi mtu, kwa hiyo mzee angevuka pengine asingefungwa. Angefukuzwa tu, na kijana wake angefukuzwa nyuma yake bila hesabu. Hapo ndo sheria inapoishia na tajiri anapoanzia.

Wengine watasema, si kuna simu siku hizi, mgeni wa nini? Njoo uone hizo simu. Umeme wa sola uko nyumbani kwa tajiri, simu zinachajiwa pale, zimepangwa dirishani, na mtandao unapanda ukisimama juu ya kichuguu kimoja ambacho nacho kiko karibu na nyumba. Ujumbe wa siri unapitia wapi? Halafu simu haioni. Kuna ugonjwa wa jani bichi, ukichuma majani yana umande ile nikotini inaingia kwenye ngozi, mtu anatapika, kichwa kinazunguka, hawezi kusimama. Kwenye simu atasema niko poa tu, kila kijana anasema yuko poa. Baba akimwona kwa macho anajua. Na kuna watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, sasa kama hakuna mgeni anayeingia nani atawaona?

Kwa hiyo mi niko upande wa mgeni, ila si mgeni wa saa yoyote. Nilimwambia shemeji usiku ule, weka siku, weka daftari, mtu aandike jina na anamtaka nani, bani wasikaribie, na asilale ndani bila wewe kujua. Alinuna siku mbili. Dada alinisaidia kwa kumuuliza, "Na wewe ukiwa hospitali Tabora, daktari akinizuia mimi getini utafurahi?" Akasema hospitali si shamba. Mawese nilimpelekea kijana mwenyewe jioni ile ile, akauliza nani kaleta, nikamwambia, akaacha kula akaenda kukaa nyuma ya kibanda.

Msimu uliopita shemeji alilegeza, jumapili kuanzia saa nane mchana wageni wanaingia. Jumapili mbili za kwanza zilikuwa safi, ya tatu akaja mama na chupa za gongo ndani ya beseni la vitumbua, na usiku ule karibu moto wa bani ulale. Asubuhi shemeji akanipigia simu, hata salamu hakuna, "Haya mwanasheria, nirudishe mnyororo au nisirudishe?" Nikamwambia mzuie yule mama. Akasema huyo mama ni mama mkwe wa kijana wake mmoja, kaja kumuona binti yake.