Saa ya Mzee na Saa za Wajerumani

Mzee wangu ni mstaafu wa reli, na tangu nimjue haamini kama kuna dhambi iliyo kubwa kuliko kuchelewa. Reli ya Tanga walianza kuijenga Wajerumani mwaka 1893, kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma uzamili Leipzig, yeye aliona napelekwa kwa wenye saa yao. Siku ya safari akaivua saa yake ya mkono, akanifunga mwenyewe.

"Kule usitutie aibu. Mjerumani akikwambia saa fulani, ikukute pale."

Nikafika mwanzoni mwa Oktoba 2023. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi mitatu ya darasa la jioni Dar es Salaam, ukiongeza yale maneno mawili ambayo kila mmoja wetu anayo tangu utotoni, Mjerumani alituachia: shule na hela. Shule nilikuwa nimeipata. Hela tusiizungumzie.

Nikajipanga kisomi. Saa ya mzee nikaitegesha kwa saa za Leipzig. Simu nikaizuia isijibadilishe yenyewe, nikaiacha na saa za Tanga, ili kila nikitaka kumpigia mama nijue kwake ni saa ngapi. Tofauti ilikuwa saa moja tu. Nilijiona nina akili sana. Hilo la simu naomba mlikumbuke.

Kilichoanza kunichanganya ni jua. Sisi saa tunazihesabu kwa jua: limechomoza, hesabu moja. Leipzig mwishoni mwa Oktoba jua linatoka karibu na saa mbili asubuhi. Unaamka gizani, unapiga mswaki gizani, unapanda tramu gizani pamoja na watoto wa shule wamebeba mabegi kama wanahamishwa usiku. Jua lenyewe linachelewa kazini, halafu sifa ya kuchelewa tumepewa sisi.

Siku ya mhadhara wa kwanza ratiba iliandikwa saa tatu asubuhi, na pembeni vijiherufi viwili: c.t. Sikuvijali. Saa tatu kasoro dakika ishirini nilikuwa ukumbini, mstari wa mbele, peke yangu. Saa tatu kamili, peke yangu. Saa tatu na dakika tano akaingia mmoja na mkate wake. Hapo nikatoa simu, nikawarekodia ndugu zangu kwenye kundi la familia: "Jamani, tumedanganywa! Wajerumani nao wanachelewa!" Shangwe iliyopigwa Tanga siku hiyo si ndogo. Saa tatu na robo ilipotimia, sekunde ileile, ukumbi ulikuwa umejaa na profesa ameshafungua kinywa. Kumbe c.t. ni Kilatini, *cum tempore*: robo saa ya kutembea kutoka jengo hadi jengo imeshahesabiwa humo humo. Yaani wana kuchelewa kwa ratiba.

Nikasema sawa, nimewaelewa. Kesho yake somo la saa nne nikaliendea saa nne na dakika kumi, natembea kwa madaha. Mlango umefungwa, watu wamekaa, wote wakageuka. Ile ilikuwa s.t., *sine tempore*: saa nne ni saa nne. Nikapita katikati yao na koti langu jipya linalolia fyuu, fyuu kila nikiinua mguu, hadi kiti pekee kilichobaki, mbele kabisa.

Lakini hayo yalikuwa mazoezi tu.

Chini ya ghorofa yangu anaishi bibi mmoja mjane, wa umri wa kuamkiwa. Siku ya kwanza tulipokutana kwenye ngazi ulimi uliniteleza nikamwambia "Shikamoo!" Akaniuliza maana yake, nikamweleza, nikamfundisha na kuitikia. Kuanzia hapo kila nikipita ananingoja mlangoni, nisipoamkia haniachii njia. Wiki ya tatu akanikaribisha chakula cha jioni Jumatano. Saa ngapi? "Dreiviertel sieben."

Darasani Dar hatukuwahi kufundishwa hiyo. Nikapiga hesabu mwenyewe: *sieben* ni saba, *dreiviertel* ni robo tatu. Saba na robo tatu. Kwa mshale ni 7:45, kwa lugha yetu saa mbili kasorobo. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile. Jumatano hiyo nikabonyeza kengele yake dakika ileile, natabasamu, mkononi pakiti ya chai ya tangawizi kutoka nyumbani.

Bibi akafungua, amevaa koti na viatu vya nje. Alikuwa anatoka kwenda kuuliza kama nimepata ajali. Supu ya viazi ilishapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

"Dreiviertel sieben!" akasema.

"Ndiyo, dreiviertel sieben!" nikamwonyesha saa ya mzee.

Tukabishana pale mlangoni kama wauza samaki wa Deep Sea kule Tanga, yeye ana Kijerumani chake chote, mimi nina maneno mawili nayarudia. Mwishowe akanikalisha jikoni, akaleta keki nzima, akaikata vipande vinne. Hii, akasema, ni saa ya saba. Inaanza saa sita inapokwisha. Akachukua kipande, akaweka kwenye sahani yangu: imekwisha robo. Kipande cha pili. Cha tatu. "Dreiviertel sieben": robo tatu ya ile saa ya saba imeshaliwa. Kwa hiyo ni 6:45. Leipzig na sehemu za huko mashariki ndivyo wanavyosema. Hata Wajerumani wa kwingine, aliniambia, wanapotea.

Nikala saa nzima kasoro robo, huku najilaumu. Kwani 6:45 sisi tunaiitaje? Saa moja kasorobo. Saa moja yenyewe haijafika, tumeshaitaja. Kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa anaongea Kiswahili, ila mimi ndiye sikumsikia.

Nikaapa. Akanipa nafasi nyingine: kahawa na keki, Jumapili tarehe 29, saa tisa alasiri. Hakuna robo, hakuna nusu. Tisa.

Jumapili hiyo nilinyoosha shati. Kengele za kanisa zikagonga mara kumi na mbili, nikatazama saa ya mzee: saa saba mchana. Nikacheka peke yangu, hata kanisa lao siku hizi linachelewa. Saa tisa kasorobo nikashuka, nikasimama nje ya mlango wa Bibi nikihesabu sekunde kama anayerusha roketi. Saa tisa kamili, kengele.

Kimya. Nikabonyeza tena. Mlango ukafunguka kidogo. Bibi yumo ndani ya joho la taulo, nywele kwenye rola, uso wote umepakwa weupe kama bibi harusi wa Pangani aliyesingwa liwa. Nikaangalia chini, kwa heshima, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa mazoea, kisha akauliza kwa nini nimekuja saa nane.

Usiku ule, mimi nimelala, nchi nzima ilikuwa imerudisha saa nyuma. Saa tisa usiku ikawa saa nane, kama kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu za watu wote zimejirekebisha zenyewe, isipokuwa ya msomi mmoja wa Tanga.

Bibi akacheka mpaka ule weupe ukapasuka. Akaniingiza, akasema kwa kuwa nimewahi nifanye kazi: saa yake ya ukutani ya mbao, yenye pendulumu, bado iko kwenye tisa na yeye haifikii. Nikapanda kiti, nikakamata mshale nirudishe nyuma. "Nein!" Saa za zamani za kugonga ukizirudisha kinyume unaweza kuziharibu. Marehemu mumewe alikuwa anaipeleka mbele kwa muda wa saa kumi na moja. Na kila saa lazima uiache igonge imalize.

Nikaanza. Ikagonga mara nne. Nusu saa, ikagonga moja. Ikagonga tano. Nusu, moja. Sita. Saba. Bibi ameenda kunawa uso, mimi niko juu ya kiti nimenyoosha mkono kama sanamu. Ilipofika kumi na mbili, dari ikaanza kupigwa. Nikadhani ni saa nyingine. Hadi nimalize ilikuwa imegonga 75 za saa na 11 za nusu, jumla 86, na mlangoni kasimama jirani wa ghorofa ya kwanza, mwekundu, na ndara mguuni. Huku Jumapili ni siku ya utulivu, hata kutoboa ukuta hairuhusiwi.

"Si mngeisimamisha tu pendulumu," akasema, "mkanywa kahawa kwa muda wa saa moja, mkaiachia?"

Bibi akatokea nyuma yangu, uso safi, rola bado kichwani. "Kahawa ni saa tisa," akamjibu. "Sasa ni saa nane."

Jioni nikampigia mama.

"Leo umechelewa kupiga, mwanangu."

"Sijachelewa mama. Huku wamerudisha saa nyuma."

"Wamezirudisha akina nani?"

"Serikali. Usiku, watu wamelala."

Akanyamaza kidogo. "Na jua wameliambia?"

Nyuma yake nikamsikia mzee: "Muulize saa yangu nayo wameirudisha?"

Nikautazama mkono. Za wenzangu zote zilisema saa mbili. Ya mzee ilikuwa inaendelea na saa tatu yake.

"Mwambie haijaguswa, mama."