Kuvuta kempa milima ya Colorado, na tuliyoyajua tangu Kitonga

Hapa Denver, ikifika katikati ya Septemba kila mwenye pikapu anaelekea milimani. Miti ya aspeni inageuka njano kwa wiki chache tu, usiku baridi imeshaanza kuuma, na watu wanataka kulala huko juu mara ya mwisho kabla theluji haijafunga kambi. Basi barabara ya I-70 inajaa makempa, yale matrela yenye vitanda, jiko na choo ndani, mengine marefu mita 9 na mazito tani 4. Familia yangu nayo imo. Nimekulia Ilula, Iringa, unapofika ukishamaliza kuupanda mlima wa Kitonga ukitokea Dar, na naomba niseme wazi: Wamarekani wanajua kujenga barabara ya mlimani kuliko sisi, ila kumlea dereva wa mlimani tunajua sisi kuliko wao.

Nianze na barabara. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa mjini. Kutoka hapo kwenda magharibi unapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,400. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inakuwa imepoteza kama theluthi ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Unakanyaga mafuta, gari linalia, kempa linakuvuta nyuma, malori yamejipanga kulia yakiwasha hazadi. Lakini kupanda hakujawahi kuniogopesha. Kinachoua ni kushuka.

Ukitokeza upande wa pili wa handaki, kabla hujafika mji wa Silverthorne, vibao vinakupa habari za mteremko mapema. Pembeni zimejengwa njia mbili kwa ajili ya lori lililoishiwa breki. Zinapanda juu, zimemwagwa changarawe nene isiyoshindiliwa. Matairi yakiingia yanazama, na lori linasimama. Ukiwa unarudi Denver, pale ambapo tambarare imeanza kuonekana na mgeni anadhani mlima umekwisha, kuna vibao vikubwa vinavyowaonya madereva wa malori wasidanganyike, bado maili 4 za mteremko mkali na kona. Mbele yake kingine: bado hamjafika chini. Aliyeviandika alijua dereva aliyechoka anawaza nini saa ile, na mimi namheshimu sana mtu huyo.

Pamoja na yote hayo, Aprili 2019 lori la mbao liliuteremka mlima huo huo bila breki. Lilipita njia ya changarawe bila kuingia, likaenda kuyavaa magari yaliyokuwa kwenye foleni Lakewood, jirani na Denver. Watu 4 wakafa. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23, mhamiaji kutoka Cuba. Alihukumiwa miaka 110 jela, na mwishoni mwa 2021 gavana Jared Polis akaipunguza kuwa 10. Nawasikitikia waliofiwa. Ila swali ambalo halijanitoka kichwani ni hili: yule kijana alifundishwa na nani kushuka mlima?

Kwetu kulikuwa na wa kufundisha. Mjomba wangu aliendesha malori ya Dar mpaka Tunduma, na kabla hajapewa usukani alikuwa utingo kwa miaka. Lori likishindwa kupanda, yeye ndiye wa kuruka chini na gogo akalikabe tairi la nyuma. Likiharibika konani, anakata matawi na kuyapanga barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Kila wakisimama anapita akigusa ngoma za breki za magurudumu kwa kiganja, ajue ipi imepata moto kuliko wenzake. Alipokuja kuendesha, alikuwa ameshaushuka Kitonga mara nyingi akimtazama mwingine. Sheria yake ilikuwa moja, mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia, gia ndogo, ili injini ndiyo ilishike lori. Dereva anayetoa gia aachie lori liteleze ili abakize dizeli, hakukaa naye meza moja. Na madereva wanasaidiana: wa mbele akiwasha indiketa ya kushoto unajua mbele kweupe, mpite, ya kulia unatulia nyuma yake.

Huku Colorado, leseni ya gari dogo inakutosha kuvuta trela mradi jumla ya uzito haizidi tani 12 hivi. Unanunua kempa Jumamosi, Jumapili uko mlimani na watoto. Hakuna anayekuuliza kama unajua kuweka breki ya trela, au kwamba mzigo ukiujaza nyuma ya ekseli trela litaanza kuyumba, na likiyumba hukanyagi breki ya gari, unabonyeza ile ya trela peke yake kwa mkono na kuondoa mguu kwenye mafuta.

Vuli moja, chini ya Vail Pass, mlima mwingine wa I-70 hiyo hiyo, niliona baba mmoja amesimama kando, moshi unatoka kwenye magurudumu ya kempa lake. Harufu ya lainingi ya breki iliyoungua ilinifikia kabla sijafungua mlango. Alikuwa ameshika chupa kubwa ya maji ya kunywa, anataka kumwagia. Nikamwambia hapana, chuma kikiwa na moto namna hiyo ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Tukaweka mbao kwenye matairi, tukangoja kipoe. Ameushuka mlima wote kwa gia kubwa, mguu juu ya breki, mke na watoto wakiwa ndani ya pikapu. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia. Na kwa muda wote tuliokaa pale, magari yalitupita kwa mamia bila hata moja kupunguza. Kitonga tungekuwa tumeshazungukwa na matingo, kila mmoja na rai yake.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zetu wanaosema ajali za nyumbani ni za ujinga wa madereva. Wengi wa madereva wale wanajua mlima kuliko mtu yeyote niliyekutana naye huku. Wanachokosa mara nyingi ni mahali pa kulipeleka lori breki zikishakataa. Kila mteremko mrefu, Kitonga, Sekenke, na ile ya Mbeya, unastahili njia ya changarawe na vibao vilivyoandikwa na mtu anayejua kushuka. Huku nako, anayenunua kempa ashushwe kwanza mlima na mtu anayeujua, ndipo akabidhiwe funguo.