Kamba Nyekundu ya Bafuni

Mama alipotoka Tanga kuja kututembelea Glasgow, Uskoti, nikampeleka mji wa Stirling. Ngome ya Stirling imekaa juu ya mwamba wa volkano, na kuifikia ni kupanda tu. Magoti ya mama yamezoea tambarare, basi tulifika kwa kubembelezana.

Alipoambiwa kwamba Malkia Mary alivishwa taji la Uskoti humo ngomeni mwaka 1543, akiwa na miezi 9, aliguna. "Si atalicheulia maziwa hilo taji!" Nikamwonyesha kwa mbali mnara wa Wallace, yule aliyewachapa Waingereza kwenye daraja la Stirling mwaka 1297. Ngazi 246 mpaka juu. "Nimeshauona," akasema. "Tushuke."

Mvua ikatukamata njiani, kanga zikalowa chapachapa.

Hoteli tuliyofikia ni ya watu wenye watoto, nayo kwa sababu ya magoti ya mama walitupa chumba chenye bafu la walemavu: vyuma vya kushikilia, kigoda cha kuogea, na kamba nyekundu kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Nikamwacha mama aoge, nikashuka na wanangu kwenye kona ya michezo.

Mara mapokezi pakalia piii! Kijana wa zamu akachomoka, mwenzake nyuma na mkoba wa huduma ya kwanza. Nikasikia namba ya chumba chetu. Mbio!

Nawakuta mlangoni wanagonga, wanauliza kwa Kiingereza cha Kiskoti kama yuko salama. Mama anajibu kwa Kiswahili cha Tanga, sauti ya kufukuzia mwizi: "Naoga! Mnamtakia nini mtu mzima anayeoga?" Wao wakadhani ni mayowe ya aliyevunjika nyonga. Kijana keshatoa kadi ya kufungulia.

"Mama, umevuta kamba?"

"Sijavuta kitu, nimeanika kanga. Tena washukuru, wamefikiria mpaka kamba ya kuanikia!"

Alipojisitiri tukaingia. Kanga imening'inia, inachuruzika, imefungwa fundo ambalo baharia asingelifungua. Nikamweleza kwamba kamba hiyo ni ya kuita watu mtu akianguka, ndiyo maana inafika chini. Ya kuwashia taa ni ile nyeupe. Kijana akabonyeza kitufe ukutani, kelele ikakatika, kisha akatuletea kianikio cha nguo. Mama akamwombea dua ndefu, naye akaisikiliza yote kwa adabu.

Sasa, mwezi wa sita huko alfajiri huingia mapema mno. Saa tisa za usiku, piii! Niliruka kitandani. Mama kasimama bafuni, udhu keshatia, kamba mkononi.

"Mama, umeanguka?"

"Nianguke kwa nini? Si umesema ni ya kuita watu? Namwita yule kijana anionyeshe kibla."

Kijana akafika anahema, mkoba begani. Nikamfasiria. Akatoa simu, akafungua dira, akanyoosha mkono kusini-mashariki, juu ya kitanda cha watoto.

"Muulize," mama akaniambia akitandika mswala, "na chai ya hapa wanatia tangawizi?"