Njoo Uone Kwanza, Bosi

Nauza kabati langu mtandaoni. Tangazo nimeliandika mwenyewe, likanyooka. Kabati la nguo, milango mitatu. Urefu, upana na kina, vyote kwa sentimita. Mlango wa kati una mkwaruzo, na picha ya mkwaruzo hiyo hapo. Bei hiyo hapo. Mwenye macho asome. Kumbe hakuna anayesoma. Ujumbe wa kwanza: "Bado lipo?" Lipo, bosi wangu. Kimya. Anakuja mwingine: "Bado lipo?" Lipo. Kimya. Najiuliza, hawa wananunua au wanafanya sensa ya makabati?

Akitokea wa kuendelea na maongezi, anarukia "bei ya mwisho ngapi?" Ndugu yangu, ya kwanza yenyewe hatujaigusa! Hujaliona, hujafungua hata mlango, tayari unataka nishuke. Siku hizi jibu langu ni moja: njoo uone, bei tutaiongelea umeshika komeo. Mwenye nia anakuja, wengine wote wanayeyuka.

Halafu kuna ukoo wa wabadilishanaji. Una kabati? Mimi nina gitaa, halina nyuzi, tubadilishane. Ukikataa unasomewa habari za Kyle MacDonald wa Kanada, aliyeanza mwaka 2005 na klipu nyekundu ya karatasi, akabadilishana na watu wa mtandaoni mara 14, na mwaka 2006 akaishia na nyumba katika mji wa Kipling. Nyumba! Hongera zake. Ila klipu unaitia mfukoni. Mimi nauza kabati ili nipate pa kupita, wewe unaniletea gitaa.

Na nikigeuka kuwa mnunuzi ndiyo balaa. Natafuta meza. Picha ina giza, kidole cha mpigaji na mguu mmoja wa meza. Maelezo: "Meza kali, wenye nia tu." Bei: "njoo inboksi." Unaenda inboksi, unaulizwa wewe una ngapi. Afadhali huyo, kuliko yule mwenye picha inayong'aa na bei ya kutupa. Ile picha nikaiingiza kwenye programu ya kutafuta kwa picha, nikaikuta imetulia kwenye tovuti ya duka la samani la nchi nyingine kabisa. Muuzaji yuko safarini, ufunguo anao wakala, wateja wengine wako njiani, kwa hiyo tuma kishika uchumba uwekewe. Hao wateja wako njiani tangu lini? Na mimi uchumba na meza nisiyoiona siwezi.

Lakini aliyenimaliza ni huyu: "Nimelipenda kabati, sina haja ya kuliona, nalipa bei yote." Hapo tu nikakaa vizuri kwenye kiti. Kabati lenye mkwaruzo, mtu hataki hata kupunguziwa? Akaendelea: atanitumia hundi yenye pesa za ziada, ile ziada nimpelekee msafirishaji wake. Mchezo wenyewe ndio huo. Benki inaweza kukuonyesha pesa ya hundi kwenye akaunti leo, hundi ikaja kugundulika ni feki siku au wiki kadhaa baadaye, benki ikachukua chake, na ile "ziada" uliyotuma ikawa imetoka mfukoni mwako. Nikamwambia sipokei hundi. Akanitumia picha ya muamala. Picha! Hata mimi naweza kutengeneza picha inayoonyesha nimejenga ghorofa. Pesa naihesabia kwenye salio langu.

Mwenzake alikuja kwa heshima zote, eti matapeli wamezidi, anataka kuhakikisha mimi ni mtu wa kweli. "Kuna namba imeingia kwenye simu yako, nisomee." Namba zile ndizo ufunguo wa kuingilia akaunti yangu, au kufungulia nyingine kwa namba yangu ya simu. Yaani fisi anakagua usafi wa bucha!

Simu ya mtumba nayo ina vitimbi vyake. Nikikutana na muuzaji, tunakutana mchana, penye watu, na kabla ya salamu hazijapoa napiga *#06# ili zitoke zile tarakimu 15 za utambulisho, nizilinganishe na za kwenye boksi. Kuna mmoja aliposikia tu nataka kubonyeza nyota, akakumbuka ana msiba. Nikampa pole.

Sasa hilo la kukutana penye watu, kwa kabati unalifanyaje? Unalibeba mgongoni? Ilibidi tulisukume hadi sebuleni, karibu na mlango, mtu asipate sababu ya kufika chumbani na kuhesabu vyombo. Shemeji yangu nikamwomba aje akae tu. Hana kazi nyingine, akae, akunje mikono, asicheke. Kazi hiyo anaiweza, nyumbani kwake hufanya bure.

Mnunuzi akaja. Akakagua, akafungua milango yote, akausugua mkwaruzo kwa kidole kana kwamba utafutika. Tukapatana. Akalipa, nikaangalia salio, pesa imeingia. Nikamuuliza gari liko wapi nimsaidie kupakia. Hana gari. Kaja peke yake, kwa miguu, na begi la mgongoni.

Nikamuuliza kama vipimo kwenye tangazo aliviona. Akasema aliviona, alidhani ni vya picha.