Kenge wa Sinhagad

Watu wa Afrika Mashariki waliosoma Pune, magharibi mwa India, ni wengi, na ukiwapekua simu zao hukosi picha iliyopigwa juu ya ngome ya Sinhagad. Si mbali, kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa mji, unapita kando ya bwawa la Khadakwasla kisha unaanza kupanda. Mwisho wa juma vijana wa Pune humiminika huko kama watu waendao sokoni. Picha zipo, ila kisa cha pale wengi wetu tulirudi nacho nusu, na kwa maoni yangu tulirudi na nusu iliyo nyepesi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1665 Shivaji, mtawala wa Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, alibanwa na jeshi la dola ya Mughal, iliyotawaliwa na wafalme Waislamu, hadi akakubali mkataba wa Purandar na kukabidhi ngome 23. Sinhagad ilikuwamo, enzi hizo ikiitwa Kondhana. Miaka mitano baadaye akataka kuirudisha, na kazi ikamwangukia jemadari wake Tanaji Malusare. Wasimulizi wanasema Tanaji alikuwa amekuja kualika watu kwenye harusi ya mwanawe, Rayaba. Aliposikia habari ya ngome akaahirisha shughuli: kwanza tumwoze Kondhana, Rayaba atasubiri.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1670 akafika chini ya genge akiwa na watu wapatao mia tatu. Hapo ndipo anapoingia Yashwanti, kenge aliyefugwa na kufundishwa, akafungwa kamba kiunoni na kurushwa ukutani ang'ang'anie mwamba kwa kucha ili watu wapande. Masimulizi mengine huongeza kwamba kenge alikataa, akateremka, mpaka alipotishiwa kuchinjwa na kuliwa ndipo akapanda tena. Nilicheka sana nilipoisikia mara ya kwanza. Kwetu kenge ni yule anayejipenyeza kwenye msafara wa mamba. Huku wamempa safu ya mbele.

Wanahistoria wengi hawaiamini habari ya kenge, nami siiamini, lakini sababu yangu si ya kisomi. Nenda ukasimame ukingoni upande wa magharibi, utazame chini. Ngome iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,300 kutoka usawa wa bahari, na magenge yake yameporomoka wima sehemu nyingi. Walioletwa na Tanaji walikuwa Wamavale, wakulima na wachungaji wa mabonde ya milima ya Sahyadri, watu waliokuwa wakipanda miamba kama hiyo tangu utoto. Kumpa kenge sifa ya kupanda kwao ni kuwapunja. Watoto wampende Yashwanti, sawa kabisa, ila mtu mzima anayeishia kwa kenge amekosa sehemu yenye uzito.

Sehemu hiyo inakuja baada ya Tanaji kuuawa. Alipambana ana kwa ana na Udaybhan Rathod, mlinzi mkuu wa ngome. Ngao yake ikavunjika, akajizungushia nguo ya kilemba mkononi akaendelea kukinga mapanga nayo, hadi akaanguka. Watu wake walipoona kiongozi hayupo wakageuka kukimbilia kamba. Kufika, wakamkuta Suryaji, ndugu yake Tanaji, amekwisha kuzikata. Anayetaka kuondoka aruke, asiyetaka kuruka arudi vitani. Wakarudi, na ngome ikachukuliwa. Shivaji alipoletewa habari inasemekana alisema ngome imepatikana lakini simba ameondoka, na watu wakalihusisha na hilo jina la Sinhagad, Ngome ya Simba.

Ninachokiona mimi ni kwamba wale mia tatu walikuwa na hofu kama mtu yeyote, na kilichowafanya mashujaa ni mtu aliyewafungia njia ya kurudi nyumbani. Ushujaa wa namna hiyo haupendezi sana kuchongewa sanamu. Sanamu iliyopo pale ni ya Tanaji, na ninaelewa kwa nini.

Jambo jingine linalonikera kidogo ni jinsi vita hivi vinavyosimuliwa siku hizi kana kwamba vilikuwa Wahindu kwa Waislamu. Udaybhan aliyeilinda ngome kwa niaba ya Aurangzeb, mfalme wa Mughal, alikuwa Rajput, yaani wa jamii ya wapiganaji wa Kihindu. Jai Singh, jemadari wa Mughal aliyemlazimisha Shivaji kutia saini ule mkataba, naye Rajput. Na kizazi kimoja kabla, mwaka 1624 katika vita vya Bhatvadi, Shahaji, baba yake Shivaji, alipigana dhidi ya Mughal upande mmoja na Malik Ambar, Mwislamu mwenye asili ya Uhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kuwa waziri mwenye nguvu wa usultani wa Ahmadnagar. Mwafrika, ndiyo. Miaka yote niliyokaa Pune sikumsikia mtu akimtaja njiani kuelekea Sinhagad, na sisi wenyewe hatukuuliza.

Wala ngome haikutulia baada ya damu ya Tanaji. Rajaram, mwana wa Shivaji, alifia humo mwaka 1700 na kaburi lake lipo. Mwaka 1703 Aurangzeb aliichukua, ikarudi tena kwa Wamaratha, na mwaka 1818 Waingereza wakaibeba. Baadaye Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru, alikuwa na nyumba yake ya mapumziko huko juu. Siku hizi kuna mnara wa televisheni na akina mama wa vijijini wanaouza maziwa ya mgando kwenye vibakuli vya udongo, bajia za vitunguu, na mkate wa mtama wenye mchuzi mzito wa unga wa dengu. Hakuna mlo wa hoteli ya mjini utakaoushinda huo ukiwa umepanda kwa miguu.

Mwaka 2025 UNESCO iliingiza ngome 12 za Wamaratha kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: Raigad, Rajgad, Pratapgad na nyingine. Sinhagad haimo. Wapo waliosikitika. Mimi sikusikitika hata kidogo, maana msongamano wa magari kwenye ile barabara ya kona kona tayari unatosha, na mwisho wa juma unaweza kukaa foleni ukanusa moshi badala ya upepo wa mlima. Anayekwenda na aende siku ya kazi, apandie njia ya miguu kutoka Atkarwadi asubuhi na mapema, akifika aulize kaburi la Tanaji kisha Lango la Kalyan. Mkate wa mtama ale baada ya hapo, sio kabla.