Anagni: utulivu wa mji wa mapapa una gharama yake

Anagni ni mji wa kilimani, kiasi cha kilomita 70 kusini-mashariki mwa Roma. Mapapa wanne walitoka hapa au jirani na hapa, na ni hapa ambapo Septemba 1303 Papa Bonifasi wa Nane alivamiwa na watu wa mfalme wa Ufaransa na ukoo wa Colonna, wakabaila wa Roma waliokuwa maadui zake. Mwezi uliofuata akafariki. Siku hizi vichochoro vyake vimetulia, na swali ni kama watalii waitwe kwa wingi au mji uachwe ulivyo.

Wanaotaka uachwe wana hoja nzito, nayo iko chini ya sakafu ya kanisa kuu. Ukishuka ngazi hadi kripta ya Mtakatifu Magno, yaani chumba cha ibada cha chini ya kanisa, unakuta kuta na dari zimejaa michoro ya karne ya 13, na miguuni sakafu ya vipande vya marumaru vilivyopangwa na fundi Cosma na wanawe. Ukutani wameketi wazee wawili wanazungumza: Hippocrates na Galen, matabibu waliopishana kwa zaidi ya miaka 500, mchoraji akawakalisha pamoja. Humo humo kuna mchoro wa mwanadamu katikati ya duara, na hesabu ya moto, hewa, maji na udongo. Mtu wa pwani yetu haoni ugeni hapo. Bibi anayemkataza mwenye kikohozi vyakula vya baridi anafuata elimu hiyo hiyo ya joto na baridi mwilini, iliyopita kwa matabibu wa Kiarabu waliomwita Galen Jalinusi.

Mchoro wa namna hii unataka usimame nao, tena kimya. Makumbusho ya Vatikani, yenye kanisa la Sistina lenye dari maarufu iliyochorwa, hupokea zaidi ya watu milioni 6 kwa mwaka. Huko utasimama kwa muda gani? Isitoshe, pumzi za umati ndani ya chumba cha chini ya ardhi ni unyevu ukutani.

Hata hivyo, wenyeji nao wanataka kula. Bondeni, kando ya mto Sacco, riziki imetegemea sana viwanda, na mwaka 2005 mabaki ya kemikali za viuadudu yalikutwa kwenye maziwa ya ng'ombe wa bonde hilo. Nikimwambia kijana wa Anagni awakatae wageni ili mimi nipate ukimya wangu, nimempa kazi gani badala yake?

Mimi nasema wageni waje, ila walale. Jina la "Sistina ya Zama za Kati", ambalo kripta imepewa, limeutangaza mji, lakini linamleta mtu wa saa moja: anashuka, anatazama dari, anarudi Roma bila hata kunywa kahawa. Huyo anaacha unyevu tu. Vikundi vya kripta viwe vidogo na vipewe muda, na fedha ambazo zingepanua maegesho ya magari ziende kwenye mabasi ya kutoka stesheni, ambayo iko mbali bondeni. Aliyelala mjini atakula, atanunua mkate asubuhi, kisha atashuka tena kuwatazama wale wazee wawili.