Probiotiki na Unene: Gramu 600 Zinatosha Kuitwa Tiba?

Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 15 yaliyofanyika kwa binadamu ili kujua kama probiotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa kwa ajili ya afya, hupunguza uzito kwa watu walionenepa kupita kiasi. Washiriki wote kwa pamoja walikuwa 957. Hesabu zilipojumlishwa, waliopewa vijidudu walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 0.6 zaidi ya wenzao waliomeza vidonge bandia. Mengi ya majaribio hayo yalidumu kati ya wiki 3 na 12.

Mtetezi wa probiotiki husoma matokeo hayo na kusema: mmeona, zinafanya kazi. Mpinzani huyasoma hayo hayo na kucheka: gramu 600 mtu huzipoteza kwa jasho la asubuhi moja, akazirudisha kwa kunywa maji. Mimi naona wote wawili wanapima kitu kisicho sahihi, na msimamo wangu nautoa mapema. Hoja ya watetezi ina nguvu pale ambapo matangazo hayagusi, na inalegea hasa pale ambapo matangazo yanapiga kelele, yaani kwenye mizani.

Tuanze na panya, maana ndiko imani hii ilikozaliwa. Mwaka 2004 maabara ya Jeffrey Gordon, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, iliwachukua panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini, ikawapandikizia vijidudu vya utumbo wa panya wa kawaida. Ndani ya wiki mbili mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa takriban asilimia 60, ilhali walikuwa wanakula kidogo kuliko awali. Miaka miwili baadaye maabara hiyo hiyo ilionyesha kuwa vijidudu vya panya mnene huongeza mafuta zaidi kuliko vya panya mwembamba. Na mwaka 2013 wakatumia mapacha wa binadamu, mmoja mnene na mwenzake mwembamba: panya aliyepewa kinyesi cha pacha mnene alinenepa zaidi.

Maelezo ya jinsi jambo hilo linavyotokea nayo yana mantiki. Bakteria wa utumbo mpana huvunja nyuzinyuzi ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzimeng'enya, wakatoa asidi ndogo za mafuta, mojawapo ikiwa butireti. Asidi hizo huziamsha seli za utumbo zinazotoa homoni za shibe, ikiwemo GLP-1, homoni ile ile inayoigwa na sindano za kisasa za kupunguza uzito. Upande wa pili, ukuta wa utumbo ukidhoofika, mabaki ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, yakachochea uvimbe wa chini kwa chini unaoifanya insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, ishindwe kufanya kazi yake sawasawa.

Ila panya asiye na kijidudu ni kiumbe cha maabara. Utumbo wake ni shamba tupu, chochote unachopanda kinaota. Utumbo wa mtu mzima umeshajaa wenyeji, matrilioni kwa matrilioni, na hawapishi wageni kirahisi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, hawakuridhika na kupima kinyesi tu. Waliingiza kamera na kuchukua sampuli ndani kabisa ya utumbo wa watu waliomeza probiotiki. Kwa baadhi yao vijidudu vilikaa. Kwa wengine vilipita tu, kama vilivyoingia ndivyo vilivyotoka.

Hata ule uhusiano wa awali, kwamba wanene wana mchanganyiko fulani wa bakteria na wembamba wana mwingine, umepungua nguvu. Habari ile ilienea mwaka 2006 kutokana na utafiti wa watu 12 wanene. Data za tafiti kumi zilipounganishwa na kuchambuliwa upya mwaka 2016, uhusiano ulionekana kuwa hafifu, na kutazama bakteria ili kubashiri nani mnene hakukuwa na uhakika wowote wa kutegemewa. Kisha kuna jaribio la Uholanzi la mwaka 2012, ambapo wanaume wenye matatizo ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, walipandikiziwa vijidudu vilivyotoka kwenye utumbo wa watu wembamba. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika kwa muda ni jinsi miili yao ilivyoitikia insulini. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kama ningekuwa wakili wa probiotiki, nisingetetea probiotiki zote kwa jumla. Ningetetea mbari moja moja, yaani vikundi vidogo vilivyomo ndani ya jamii moja ya bakteria. Jamii moja ya bakteria ina mbari nyingi, na mbari mbili za jamii moja zinaweza kutofautiana kabisa tabia. Tena baadhi ya bakteria wa kundi la Lactobacillus hulishwa mifugo ili ikue haraka na iongeze uzito! Uchambuzi mmoja wa mwaka 2012 uliozijumlisha tafiti za wanyama na binadamu ulikuta kwamba Lactobacillus acidophilus iliambatana na kuongezeka kwa uzito, na Lactobacillus gasseri iliambatana na kupungua, kwa watu wanene na kwa wanyama pia. Kwa hiyo mtu anayesema "nimeanza kunywa probiotiki ili nipungue" hajasema kitu bado. Ipi?

Mbari zenye ushahidi wa kueleweka ni chache. Japani, mwaka 2010, watu wazima 87 walikunywa maziwa ya mgando yenye mbari ya L. gasseri iitwayo SBT2055, au yasiyokuwa nayo, kwa wiki 12. Waliopata bakteria walipunguza mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, kwa asilimia 4.6, na uzito kwa asilimia 1.4. Jaribio la pili, la watu 210, lilitoa matokeo ya upande huo huo na funzo la ziada: wiki nne tu baada ya kuacha maziwa hayo, faida ilianza kufifia. Atakayetaka faida idumu hana budi kunywa daima.

Kanada, mwaka 2014, watu 125 wanene walipewa mbari ya L. rhamnosus au kidonge bandia kwa wiki 24: wiki 12 za kubana mlo, kisha 12 za kulinda uzito usirudi. Wanawake waliopewa bakteria walipungua zaidi, na waliendelea kupungua hata kipindi cha mlo mkali kilipokwisha, wakati wenzao wa kidonge bandia walianza kurudi nyuma. Wanaume hawakuonyesha tofauti yoyote. Matokeo yanayogawanyika kwa jinsia namna hiyo hunitia shaka hadi yarudiwe mahali pengine. Hata hivyo yanagusa palipo na shida halisi. Kupungua wengi wanaweza. Kubaki pale ulipofika ndiko kunakowashinda. Ikiwa bakteria fulani husaidia katika hatua hiyo ya pili, hata kidogo, hiyo ingekuwa faida kubwa kuliko gramu 600 za mwanzo.

Jaribio ninalolipenda zaidi kwa ukweli wake ni lile la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2021. Watu 230 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa asilimia 20 kwa wiki 12. Nusu wakapewa bakteria aitwaye Hafnia alvei, ambaye hutengeneza protini inayofanana na homoni ya shibe. Kati ya waliofuata masharti ya jaribio hadi mwisho, waliofikia lengo la kupunguza angalau asilimia 3 ya uzito walikuwa asilimia 57.7 kwa waliopata bakteria, na asilimia 41.7 kwa kundi la kidonge bandia. Mtangazaji atashika ile 57.7. Mimi naitazama hiyo 41.7. Watu wanne katika kila kumi walifika bila bakteria wowote, kwa sababu walikula kidogo. Mchango wa bakteria ni ile tofauti ya pointi 16, takriban mtu mmoja wa ziada katika kila sita. Upo, na unastahili heshima. Lakini ulijengwa juu ya mlo uliobanwa. Hakuna aliyepewa Hafnia peke yake akaachwa ale apendavyo.

Hapo ndipo neno "kusaidia" linapopata maana yake. Tiba ya kusaidia inahitaji tiba kuu ya kuisaidia. Wapinzani hupenda kuweka probiotiki kando ya semaglutide, dawa ya sindano ambayo katika jaribio lake kubwa la mwaka 2021 ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 14.9 ndani ya wiki 68, dhidi ya asilimia 2.4 kwa dawa bandia. Ni ulinganisho mkali, na kwa kiasi fulani si wa haki, kwani hakuna mtafiti makini aliyedai bakteria watashindana na dawa hiyo. Ila matangazo yanadai, tena kwa picha za viuno vilivyopungua nusu. Anayetangaza hivyo hawezi kulalamika akipimwa kwa kipimo alichokichagua mwenyewe.

Sasa turudi kwenye insulini. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji, wakiongozwa na Patrice Cani, walijaribu bakteria aitwaye Akkermansia muciniphila kwa watu wenye uzito uliozidi na insulini isiyofanya kazi vizuri. Waliomaliza miezi mitatu walikuwa 32 tu. Uzito ulielekea kushuka, lakini tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Mwitikio wa insulini uliboreka, na lehemu (kolesteroli) ikashuka. Jambo la ajabu ni kwamba nafuu hiyo ilitoka kwa bakteria waliouawa kwa joto. Walio hai hawakufua dafu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, mwaka 2001, zilizitambua probiotiki kuwa vijidudu vilivyo hai. Mgombea mwenye matumaini makubwa kuliko wote basi si probiotiki kwa maana hiyo!

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo watetezi wangesimama: mafuta ya ndani ya tumbo, sukari, insulini, na kulinda uzito uliokwisha kupungua. Mtu mnene hafi kwa sababu ya namba ya mizani. Hufa kwa kisukari, moyo, na ini lililojaa mafuta. Ushahidi wa mambo hayo bado ni mdogo, majaribio ni mafupi na baadhi yamelipiwa na wanaouza bidhaa zenyewe, lakini angalau unaelekea upande wenye maana.

Kuhusu usalama, kwa mtu mwenye afya ya kawaida hatari ni ndogo: gesi na tumbo kujaa siku za mwanzo. Kwa mgonjwa mahututi ni habari nyingine. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa 298 wenye uvimbe mkali wa kongosho waligawanywa makundi mawili. Waliopewa probiotiki walikufa asilimia 16, dhidi ya asilimia 6 za kundi la pili. Mwenye kinga iliyoshuka au mgonjwa wa wodi ya uangalizi maalumu hapaswi kupewa kwa kubahatisha. Na wale watafiti wa Weizmann walikuta kwamba mchanganyiko wa probiotiki uliomezwa baada ya antibiotiki ulichelewesha kurudi kwa bakteria wa asili wa utumbo.

Anayetaka kujaribu, na awe tayari amebadilisha mlo au anatumia tiba nyingine, asome kwanza kibandiko. Kikiishia kwenye jina la jamii bila herufi na namba za mbari, hakuna jaribio lolote unaloweza kulihusisha na chupa hiyo. Apime kiuno na sukari kabla ya kuanza, kisha apime tena baada ya miezi mitatu, muda ambao majaribio yenyewe yalitumia. Visipobadilika, pesa hiyo aihamishie kwenye mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, chakula cha bakteria ambao tayari anao.